Hasira Iweke Miguuni

Mpira ulitua katikati ya sinia, vitumbua saba vikaruka mchangani, na Waride binti Mfaume akapiga ukelele uliosimamisha soko zima la Mohoro. Wauza mpunga, wachuuzi wa samaki wakavu, mahamali waliobeba boriti za mikoko, wote wakageuka.

"Nani mwenye yai hili la manyoya?" aliuliza, amelishika juu.

Mwenye yai alikuwa anakuja mbio kutoka boma la Wajerumani, kanzu ameifunga kiunoni, tarbushi imelala upande. Alikuwa Tamimu, karani wa simu ya waya, kijana mwembamba mwenye shingo ndefu, ambaye wasichana wa Mohoro walimsema sana, naye alijua kuwa anasemwa.

"Samahani, bibie. Ni wangu."

"Wako au wa Bwana wako?"

"Wa Bwana. Lakini aliyeupiga ni mimi."

"Basi hujui kupiga!"

Soko likaangua kicheko. Tamimu akasogea karibu, akashusha sauti. "Najua sana. Bwana hapendi kufungwa tenisi. Siku niliyomfunga, mtunza bustani alichapwa viboko bila kosa. Tangu siku hiyo kila alasiri napiga nje."

Waride alimtazama. Alikuwa amevaa kaniki mpya, na ushanga mwekundu ulipanda na kushuka shingoni mwake. Vitumbua alikwisha kuvisahau. Hasira yake sasa ilikuwa na mtu mwingine.

"Mwanamume mzima unajifanya huwezi, kisha ukirudi nyumbani usingizi unakuja?"

"Hauji," alisema Tamimu.

"Mpira sikupi. Ukiutaka, njoo kwa bibi yangu unionyeshe unavyopiga ukiwa hutaki kushindwa."

Akaja. Bibi Sikujua, aliyemlea Waride, alikuwa na uwanja wa kupuria mpunga nyuma ya nyumba, udongo wake umeshindiliwa ukawa mgumu. Tamimu alichomeka boriti mbili, akafunga wavu mchakavu wa kuvulia, akaleta raketi mbili zilizotupwa na Bwana ambazo alizifuma upya kwa uzi wa mshipi. Bibi akakaa barazani na ukili wake, maana mwana wa watu hachezi na mwanamume peke yake.

"Hili ni kawa lenye mpini," Waride alicheka. "Nifunikie wali?"

"Funika mdomo kwanza, bibie, mpira unakuja."

Alipiga vibaya. Alizungusha mkono wote kama anayetwanga, na mipira ikaishia kwenye migomba.

"Unatazama unakotaka uende," Tamimu alimwambia. "Utazame mpira wenyewe mpaka ukufikie. Mkono uwe mfupi. Ukishapiga rudi katikati, usisimame kujisifu."

"Nikikasirika mkono unakwenda wenyewe."

"Hasira usiitupe, mpenzi wangu. Iweke miguuni. Ikukimbize kwenye mpira, mkono ubaki mpole."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita mpenzi. Barazani Bibi akakohoa.

Kipupwe kilipoingia walikuwa wakirudishiana mara ishirini bila mpira kuanguka. Kila walipoanza, Tamimu aliuweka mpira kiganjani mwa Waride, na vidole vyake vilichelewa kuondoka. Waride alivisubiri vidole hivyo kutwa nzima.

Kisha Tamimu akaenda siku sita kukagua waya njia ya Kilwa, na aliyerudi alikuwa mtu mwingine. Mpira aliuviringisha chini. Raketi aliiweka ardhini, Waride aiokote mwenyewe. Aliponyooshewa kitumbua, alirudi nyuma hatua mbili.

"Nina upele?" Waride aliuliza.

"Huna."

"Umeoa huko?"

"Sijaoa."

"Basi nishike mkono."

"Siwezi, Waride. Nimeapa. Usiniulize."

"Nakuuliza! Umeapa kwa nani? Karani kaambiwa asimguse muuza vitumbua?"

Tamimu aliinama, akaondoka bila kuaga. Waride alilia kwa hasira mpaka macho yakavimba. Aliapa hatagusa tena raketi. Kesho yake aliichukua, akaupiga mpira kwenye ukuta wa nyumba mpaka udongo ukabanduka na Bibi akapiga kelele.

Siku kumi zikapita hivyo. Ndipo habari zikaingia sokoni kwamba Wamatumbi wameng'oa pamba ya Wajerumani na waya wa simu umekatwa. Bibi Sikujua aliweka ukili chini.

"Mjukuu wangu, mwenzio hajakuchoka. Kaenda Ngarambe kwa mganga. Kanywa maji ya dawa. Aliyekunywa hagusi mwanamke mpaka vita viishe, la sivyo dawa inakufa. Wanasema risasi ya Mjerumani itageuka maji."

Mwingine angefurahi kujua kuwa bado anapendwa. Waride alikasirika zaidi.

Alasiri hiyo Tamimu akaja kuaga. Kanzu na tarbushi havikuwapo. Alivaa shuka, upinde begani, na raketi yake mkononi kuirudisha.

"Simama pale kwenye mstari," Waride alimwambia. "Usirudishe. Simama tu."

Aliurusha mpira, akautazama mpaka ukafika, miguu ikasukuma, mkono ukaenda mfupi na mpole. Mpira ukampata Tamimu mbavuni, paa! Akajikunja. Alama nyekundu ikachomoza.

"Umegeuka maji?"

"Mpira si risasi, Waride."

"Mpira umepigwa na anayekupenda! Risasi itapigwa na asiyekujua jina!"

Tamimu alijishika ubavu. "Nilijua hata nilipokunywa," alisema. "Kaka yangu Zaidi amepigwa viboko hamsa ishirini kwa kukataa kulima pamba yao, hakai wala halali chali. Alikataa peke yake. Sasa Mndengereko, Mmatumbi, wote wamekunywa kata moja ili wakatae siku moja. Nimechoka kupiga nje."

"Kwa hiyo unakwenda kufa ukijua?"

"Nakwenda kupigana nikijua."

"Na mimi?"

Tamimu aliitupa raketi. Akauruka wavu, akamshika mkono, kiganja kwa kiganja, mbele ya Bibi na mchana kweupe.

"Mwiko nimeuvunja," alisema. "Sasa sina kinga. Waride, nioe nikiwa hivi, mtu mtupu."

"Mjinga wewe! Mwanamume huoa, haolewi," alisema Waride, analia na kucheka, wala mkono hakuuachia. "Basi kwepa. Unasikia? Hasira iweke miguuni. Piga, uondoke ulipokuwa."

Bibi Sikujua alikwisha kuvaa makubadhi yake kumfuata Mwalimu Bushiri aje awaozeshe.

Ndoa ilifungwa uwanjani, kabla jua halijafika kwenye migomba. Mwalimu aliuliza mahari.

"Nataka arudi," alisema Waride.

"Hayo si mahari, mwanangu. Mahari ni kitu."

"Basi raketi zote mbili. Moja nitamtunzia."

Mwalimu akaridhika. Tamimu akachukua upinde wake, akashika njia ya Umatumbi. Alipofika mwisho wa migomba, Waride alimpigia kelele, hasira bado inamchemka:

"Tamimu! Usisimame kujisifu!"

Hakugeuka. Aliinua mkono ule aliomshikia.