Ngoma ya Chekeche

Letka alirudi kutoka kiwandani, anakoshona mashati, miguu imemvimba. Jikoni beseni la pilipili hoho zilizochomwa lilikuwa linamngoja. Mumewe, Blagoja, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta.

"Kuna nini tena?"

"Zlatko amepiga simu. Orodha ya nyimbo za harusi niliyomtumia haifunguki kwake."

Letka alikuwa amechoka hata hakuweza kukasirika. Mwana wao Zlatko alikuwa anaoa Jumamosi huko Ljubljana anakofanya kazi. Na kwetu Makedonia harusi haianzi mpaka mama wa bwana arusi aongoze ngoma, chekeche mkononi. Wimbo wa ngoma hiyo walikuwa nao mmoja: marehemu baba yake Blagoja akipiga zumari lake la kiriba, lile la mfuko wa ngozi unaojazwa pumzi. Blagoja aliuhamishia kwenye kompyuta kutoka kwenye kanda kuukuu. Hauuzwi popote.

"Basi nitacheza bila wimbo," Letka alisema. "Watu wacheke."

Hapo akaingia jirani yao Trajanka, fundi mitambo wa redio ya mji. Alikuja kusaidia kumenya pilipili.

"Mbona nyuso za matanga nyumba ya harusi?"

Blagoja akamweleza.

"Shemeji, ulimtumia nini hasa?"

"Orodha. Nyimbo zote zimo."

"Hazimo. Orodha ya sokoni ina pilipili ndani? Hii inasema tu nyimbo ziko wapi. Na inasema ziko kwenye kompyuta hii."

"Lakini hata kufunguka haifunguki."

"Programu yako inaandika kwa namna yake yenyewe, nyingine haziisomi. Siku wenye nayo wakiifunga, hata wewe utabaki nje. Tumia muundo wa wazi. Kanuni zake zimetangazwa kwa watu wote, kwa hiyo programu nyingi zinausoma. Huu hapa, unaitwa XSPF."

Letka akamtazama mumewe. "Na mimi miaka yote nawaambia watu mume wangu anajua kompyuta."

"Najua kuiwasha," Blagoja alijibu.

Trajanka alimwelekeza pole pole. Blagoja akatengeneza folda moja, akanakili nyimbo zote humo. Kisha akahifadhi orodha kwa muundo wa wazi ndani ya folda ileile, ili itafute nyimbo palepale ilipo. Kabla ya kutuma, Trajanka alimtaka aifungue kwa programu nyingine. Ikafunguka. Ndipo wakatuma folda nzima.

Wakarudi kwenye pilipili. Beseni lilikuwa karibu kwisha simu ilipolia. Letka aliipokea, na badala ya sauti ya mwanawe akasikia zumari la mkwewe. Machozi yakamtoka.

"Mama, unasikia?" Zlatko aliuliza.

Letka akafuta mikono, akalitungua chekeche ukutani.

"Kaa chini," Blagoja alisema. "Utachoka kabla ya harusi."

"Nimeshachoka," alisema, akaanza kucheza.