Udongo Mweusi Miguuni mwa Masolwa

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miombo pale Eustadia alipochukua ungo wa wifi yake kwenda kuurudisha. Angeweza kungoja kesho. Lakini alikuwa na jambo la kumwambia Apolinaria, na halikuwa jambo la kusemwa mbele za watu.

Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Kila mji wa familia katika kijiji kile cha Sikonge ulikuwa na bani lake, kijumba cha udongo chenye moto chini na majani juu, na moshi ulikuwa umewachosha watu macho. Macho ya Eustadia yalikuwa mekundu kuliko ya wengine. Mchana alichochea moto. Usiku hakulala.

"Karibu, wifi," Apolinaria alisema kutoka jikoni. "Huo ungo nilishausomea misa ya wafu."

"Ungo hauna miguu, wifi. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Una sura ya mtu aliyefiwa."

Apolinaria alikuwa dada mkubwa wa Masolwa, mume wa Eustadia. Alikuwa mjane, mkulima wa mpunga kule mbugani, kwenye tambarare za maji. Ndiye aliyempokea Eustadia alipoolewa, na ndiye aliyemkata kitovu mtoto wake wa pekee, Demetria, ambaye sasa alikuwa akisoma Tabora mjini.

"Nikikwambia kitu, kitabaki hapa?"

"Mwanao nimemkata kitovu kwa mkono huu. Sema."

Eustadia alitazama mlangoni kwanza.

"Kaka yako anakufa usiku."

Mwiko wa Apolinaria ulisimama ndani ya chungu.

"Anakoroma," Eustadia alinong'ona. "Anakoroma mpaka bati linatetema. Halafu... kimya. Kifua hakipandi. Nasogeza sikio mdomoni, hakuna kitu. Namsukuma alale ubavu. Hapo ndipo anarudi, kwa kishindo, kama mtu aliyekuwa chini ya maji. Nikisinzia kidogo, kimya kile kinaniamsha. Kimya, wifi, siyo kelele."

"Na asubuhi?"

"Kichwa kinamuuma. Amechoka. Anasinzia na tonge mkononi."

"Amechoka kama aliyelima?"

"Hivyo hivyo."

Apolinaria aliepua chungu. Alimtazama wifi yake machoni, muda mrefu, kwa mwanga wa moto.

"Nenda ukalale," alisema mwishowe. "Halitoki hapa."

Eustadia alirudi nyumbani akijiona mwepesi. Hakujua alichokifanya.

Katika nchi ile mtu akiamka amechoka asubuhi baada ya asubuhi, watu hawaulizi kama ana malaria. Wanauliza nani anamlimisha. Wanaamini wako watu wanaoweza kumtoa mwenzao kitandani, wakauacha mwili umelala kama gogo, wakampeleka kwenye shamba lisilojulikana akalima hadi majogoo. Na anayelimisha hujulikana kwa macho. Yanakuwa mekundu, maana halali. Anasimamia kazi.

Haikupita wiki, salamu zikaanza kupungua. Kisimani wanawake walikumbuka ghafla kwamba wana haraka. Jirani aliyekuwa akija kuchukua makaa ya moto alianza kununua kiberiti.

Halafu siku moja alfajiri Masolwa alikaa kitandani, akafunua shuka, akaacha kusema alichokuwa anasema.

Miguu yake ilikuwa na udongo.

Eustadia aliugusa. Ulikuwa mbichi. Mweusi, unaonata, wenye harufu ya maji yaliyolala. Udongo wa shamba lao ulikuwa wa kichanga. Udongo mweusi ulikuwa mbugani, mwendo mrefu kwa baiskeli.

"Ulitoka usiku?" aliuliza.

"Wewe ndiye huwa uko macho," Masolwa alisema. "Nilitoka?"

Usiku ule, kwa mara ya kwanza katika majuma mengi, uchovu ulikuwa umemshinda Eustadia. Alilala.

Udongo ulirudi baada ya siku chache. Ukarudi tena. Na kila ulipoonekana, Eustadia alikuwa amesinzia.

*

Kikao cha ukoo kiliitwa mchana wa Jumapili, baada ya misa. Aliyekiongoza ni Mzee Revocatus, baba mdogo wa Masolwa. Mganga aliletwa kwa bodaboda kutoka Choma, na kuku wake ndani ya mfuko wa salfeti. Alimchinja, akampasua, akakaa akitazama ndani ya mbawa kama mtu anayesoma gazeti.

"Huyu mtu analimishwa," alisema. "Na mlango unafunguliwa kutoka ndani." Akainua kichwa. "Nani katika mji huu anayejua saa anayoondoka?"

Eustadia alimtazama Apolinaria. Apolinaria alikuwa akitazama kuku.

"Anajua mkewe," Apolinaria alisema. "Alikuja kwangu jioni, akaniambia kwa mdomo wake. Anajua anapoondoka, anajua anaporudi. Alisema yeye ndiye anayemrudisha."

"Wifi!"

"Hukusema?"

"Nilisema namgeuza ili apumue!"

"Usiku kucha uko macho," Mzee Revocatus alisema. "Kwa nini, mkwe?"

Alimwangalia mumewe. Masolwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu, mikono juu ya tumbo. Neno moja lake lingetosha. Baba Demetria, waambie. Waambie unavyoamka ukitafuta hewa, mkono wangu ukiwa begani kwako.

Masolwa aliinamisha kichwa.

Eustadia alidhani anafikiri. Kumbe alikuwa amelala.

Mdomo ulifunguka. Mkoromo ukaanza, mzito, katikati ya kikao, jua likiwaka. Kijana mmoja alicheka. Kichwa cha Masolwa kiliangukia nyuma, kwenye mgongo wa kiti. Mkoromo ukapanda, ukakwaruza...

Ukakatika.

Kuku aliyepasuliwa alikuwa na nzi. Walisikika nzi.

"Hapumui," mtu alinong'ona.

Eustadia alisimama. Vijana wawili wakamshika mikono.

"Asimguse!" mganga alisema. "Ameondoka. Mnaona? Ameitwa hata mchana."

"Mgeuzeni!" Eustadia alipiga kelele. "Mlazeni ubavu tu, jamani! Wifi, mgeuze kaka yako!"

Hakuna aliyesogea. Apolinaria alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Midomo ya Masolwa ilianza kubadilika rangi. Tumbo lilikuwa likivuta na kuvuta, na hakuna kilichoingia.

"Mgeuzeni..."

Mwili wa Masolwa ulishtuka. Hewa iliingia kwa kishindo, akafungua macho, akatazama watu waliomzunguka kama wageni.

Eustadia alilia kwa furaha. Kisha akaona jinsi wanavyomtazama yeye.

"Amemwachia," alisema Mzee Revocatus polepole. "Alipoona tumemjua, amemwachia."

Mbele ya ukoo mzima mumewe alikuwa ameacha kupumua huku yeye ameshikwa mikono, mbali naye. Na hicho ndicho kilichomtia hatiani.

Waliamua asilale tena nyumba moja na mumewe. Apolinaria atamlinda kaka yake. Eustadia atakaa banini hadi tumbaku iishe, kisha arudi kwao. Mzee Revocatus alimsindikiza hadi kwenye mlango wa bani, na hapo alishusha sauti.

"Mkwe, usingoje iishe. Vijana wananoa mapanga. Mimi ni mzee, siwezi kuwashika wote."

Masolwa hakutoka ndani kumwona.

Usiku ule Eustadia alikaa kwenye joto la majani na kusikiliza. Nje, nyayo zilizunguka bani. Zilisimama. Kitu cha chuma kilikwaruza mlango, kutoka juu hadi chini, bila haraka... Kisha zikaondoka.

Kutoka nyumba kubwa mkoromo ulimfikia. Ukakatika. Mkono wake ulinyooka gizani kumsukuma mtu ambaye hakuwepo.

*

Kilichomwokoa Eustadia ni baiskeli. Masolwa alikuwa akielekea mnadani, akasinzia akiendesha, akaingia mtaroni. Mfupa wa bega ulivunjika. Wenye bodaboda waliompeleka kituo cha afya walimpigia simu mkewe, maana jina lake ndilo lililokuwa la kwanza kwenye simu yake.

Tabibu wa kituo alikuwa Nasri, kijana wa Tabora mjini mwenye sauti ya chini. Aliingia, akamwona Masolwa, akatikisa kichwa.

"Mzee Masolwa. Tulizungumza nini mimi na wewe?"

Masolwa aligeukia ukuta.

"Mama, wewe ndiye mkewe?" Nasri alimgeukia Eustadia. "Pole. Nilimwambia mara nyingi aje na wewe. Presha yake haishuki kwa dawa, kichwa kinauma kila asubuhi, anasinzia hovyo. Niliuliza habari za usingizi wake. Akasema, 'Mke wangu ananiambia huwa naacha kupumua.'"

"Ni koo, mama. Akilala chali, nyama za koo zinalegea, njia ya hewa inafunga. Ubongo unamwamsha kidogo avute hewa, kisha inafunga tena. Usiku kucha. Hapumziki hata kidogo, na moyo unaumia. Nimemwandikia aende hospitali kubwa wampime usingizi. Wakati anangoja, alale ubavu. Gunzi la muhindi lishonwe mgongoni mwa fulana ili asigeuke chali, pombe aache. Nilimwambia, mkeo ndiye anayekushikia uhai, mshukuru." Akatabasamu. "Hakukwambia?"

"Lini hiyo?"

"Kabla ya Krismasi."

Kabla ya tumbaku. Kabla ya ungo. Kabla ya kuku.

Nasri alipotoka, Eustadia alikaa kwenye ncha ya kitanda.

"Ulijua," alisema. "Ulikaa pale kwenye kiti, ukajua."

"Mama Demetria..."

"Walinoa mapanga."

Masolwa alisema akiutazama ukuta. "Mtu aliyelogwa anavuniwa tumbaku na majirani. Anapikiwa. Mgonjwa, wanaanza kugawana shamba lake akiwa hai. Uliona walivyomfanya marehemu kaka yangu alipougua. Niliona nitakuja kusema. Baadaye."

"Baada ya nini?"

Masolwa akafumba macho. Baada ya kitambo akaanza kukoroma, na Eustadia akamgeuza upande wa bega zima. Mkono ulikwenda wenyewe. Ulikuwa umezoea.

*

Mzee Revocatus alipoelezwa na tabibu kwa simu, alikohoa, akasema ukoo umesikia. Vijana walianza kumwamkia Eustadia shikamoo kwa sauti kubwa, kama watu waliolipwa. Alirudi nyumba kubwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Alama ya panga ilibaki kwenye mlango wa bani.

Apolinaria alikuja jioni moja na ungo uleule umejaa mchele.

"Nimekuletea, wifi."

"Udongo ni wewe?" Eustadia aliuliza.

Apolinaria aliuweka ungo chini.

"Mganga ndiye aliyeniambia, kabla ya kikao. Kwamba nikimpaka, anayemlimisha atashtuka, atajionyesha. Uliacha mlango wazi ukaenda kuchochea moto, ulirudi ukalala kama mfu. Nikapaka." Alifuta macho. "Lakini mara moja, wifi."

"Ulikuja mara tatu."

"Mara moja. Ile ya kwanza tu. Nilipoona ya pili niliogopa, ndiyo maana nikasema pale kikaoni. Nilidhani..." Akanong'ona. "Nilidhani ni wewe kweli."

Walitazamana. Hakuna aliyeugusa mchele.

Masolwa alilala na fulana yenye gunzi kwa siku chache, kisha akasema linamchoma, akaivua. Bega lilikuwa halijapona. Alilala chali.

"Utanigeuza," alimwambia mkewe, akizima tochi ya simu. Hakuuliza.

Mkoromo ulianza. Eustadia alikuwa macho gizani, mikono kifuani. Alisikia bati likitetema. Alisikia koo likikwaruza, likipanda...

Kimya.

Zamani mkono ungekuwa umeshafika begani. Sasa ulibaki ulipokuwa.

Harufu ndiyo iliyokuja kwanza. Maji yaliyolala. Tope. Ilikuwa karibu, ndani ya shuka.

Kisha nje, mbali, upande wa mbugani, akasikia jembe likipiga udongo.

Tupu.

Likatulia. Likainuliwa.

Tupu.

Kando yake mwili wa mumewe ulikuwa kimya kama gogo. Alijua kumgeuza kungetosha. Sukumo moja, na jembe lile lingenyamaza, na mtu angerudi kwa kishindo akitafuta hewa.

Eustadia aligeukia ukuta.

"Lima," alinong'ona.