Usukani Uliong'aa

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni kabla hakujapambazuka. Mama mkwe alikuwa ameamka kumchemshia chai mkwewe, fundi wa plastiki.

"Mama, leo wewe ndiye msafiri. Ungepumzika."

"Nitapumzika kwangu. Kunywa, baridi ya baharini haina adabu."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwa fundi na mkewe tangu mjukuu azaliwe, na sasa fundi alikuwa akimrudisha kisiwani kwa boti yake ndogo ya injini. Usukani, pamoja na mpini wake, ulikuwa mpya. Aliutengeneza mwenyewe karakanani, wa plastiki iliyochanganywa na nyuzi fupi za kaboni za kuitia nguvu, na ulikuwa mweusi, uking'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Huu hauvunjiki," alimwambia walipoondoka.

Katikati ya maji upepo uligeuka. Mawimbi yakaanza kuipiga boti ubavuni. Fundi alikaza usukani kuikwepa miamba, akasikia mlio mkavu, akabaki na mpini mkononi. Boti ikazunguka, maji yakamwagika ndani.

"Teka maji, Mama!"

Mama mkwe alikuwa ameshaanza kuyateka kwa ndoo. Fundi alipunguza injini, akang'oa ubao wa kiti, akauzamisha nyuma ya boti na kuusukuma kwa nguvu zote. Kiganja chake kilikuwa kimechanwa na ukingo wa mpini uliokatika, damu ikateleza juu ya ubao.

"Lete mkono." Mama mkwe alivua mtandio, akaufunga mkono ule, kisha akaushika ubao pamoja naye. Chupa ya maji ya kunywa ilikuwa moja. Alimpa fundi kwanza.

"Pole, mwanangu. Tumegonga mwamba."

Fundi alitazama mpini. Pale ulipokatika palikuwa laini kama sabuni. Palipaswa kuwa na nyuzi zilizochomoza kama ndevu zisizonyolewa.

"Hatukugonga kitu, Mama. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nyuzi zinatakiwa zigusane, zishikane kama wavu ndani ya plastiki. Niliona zinatokeza juu, zinachusha. Nikaiacha mashine ikoroge, ikoroge, mpaka uso ukawa laini. Zimekatika zikawa unga."

"Nani alikwambia zinachusha?"

"Hakuna. Nilitaka wewe ukiuona useme binti yako kapata fundi."

Mama mkwe alijifuta maji ya chumvi usoni. Wimbi lilipita juu ya magoti yao. Fundi alitamani mama mkwe amtukane, ingekuwa nafuu.

"Basi kaza ubao, fundi," alisema mwishowe. "Sifa zako nitakupa nchi kavu. Miamba iko kulia, tupeleke kushoto."

Wakasukuma. Mgongo wa mama mkwe ulitetemeka, ila hakuachia. Boti ilipita jirani mno na miamba kiasi kwamba povu liliwarukia usoni, kisha maji yakatulia, na mchanga wa kisiwa ukakwaruza chini yao.

Fundi alimbeba mpaka ufukweni. Hakuweza kumtazama.

"Nitaazima usukani hapa nirudi," alisema. "Siku nyingine binti yako atakuletea mjukuu, kwa boti ya abiria."

"Na wewe je?"

Fundi aligeukia boti. Mama mkwe aliushika mkono wake uliojeruhiwa, akaukaza vizuri mtandio uliokuwa ukilegea.

"Wengine wangeniacha niamini ni mwamba," alisema. "Usinikimbie, mwanangu. Njoo tena, uje wewe mwenyewe."