Maji Ambayo Zuena Hakuyaonja

Siku za shule Zuena alikuwa mtu wa kuamshwa mara tatu. Jumamosi hakuamshwa na yeyote. Alifagia uwanja, akateka maji, akaosha vyombo, na mama yake, Mwanaamina, alipokuja kushtuka, binti alikuwa keshafika mlangoni anaaga.

Safari yake ilikuwa ya kwenye tuta. Kitongoji chao kiko Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, ambako maji ya bahari hupanda vijitoni mara mbili kwa siku na kushuka mara mbili. Mwaka uliopita watu walijitolea kujenga tuta la udongo kuzunguka mashamba ya mpunga ya kaya kumi na moja, na katikati ya tuta wakaweka lango la mbao. Maji yakijaa nayo ni maji baridi ya mto, lango hufunguliwa mpunga ukanywa. Yakiwa ya chumvi, lango hubaki limefungwa, kwa maana chumvi huua mpunga.

Zuena, mwenye miaka kumi na tatu, alijiunga na wajitoleaji hao kwa udadisi tu. Kabla ya hapo aliwajua wanafunzi wenzake na binamu zake, basi. Sasa alijua kushindilia udongo, kufunga kamba isiyoteleza na kuziba tobo la kaa. Alikuwa pia amepata rafiki mtu mzima, Bi Sihaba, mjane mcheshi ambaye jaruba lake la mpunga lilikuwa la kwanza kabisa ukitoka langoni.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni zamu ya lango. Bi Johari, kiongozi wa kikundi, ndiye aliyemfundisha.

"Chota kwa kiganja," alimwambia siku ya kwanza. "Tia mdomoni, sikilizia, kisha tema. Usiyatazame tu. Maji ya chumvi na maji baridi yana rangi moja, mwanangu."

Zuena alionja, akatema, akasema, na kila mara alikuwa sahihi. Bi Johari akampa zamu ya alasiri pamoja na Saadi, mvulana wa darasa la saba mwenye mikono ya nguvu. Zuena aonje, Saadi avute kamba ya lango.

Ramadhani ikaingia. Mwaka uliotangulia Zuena alikuwa amefungua mchana siku nne, na ndugu zake walimtania mpaka Idi ikapita. Mwaka huu alimwahidi bibi yake kwamba hataacha hata siku moja. Siku ya tatu ya mfungo, zamu yao ya kwanza tangu Ramadhani iingie, baada ya swala ya alasiri, yeye na Saadi walisimama langoni. Lilikuwa bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo, maji yalikuwa yakipanda kwa kasi, na ilikuwa wiki ya pili hakuna mvua.

Zuena aliinama, akachota maji kiganjani. Midomo ilikuwa imemkauka. Akayatazama maji yale. Akiyatia mdomoni, je, saumu si imekwenda? Angeweza kumuuliza mtu, lakini nyumba ya Bi Johari ilikuwa mbali na maji yalikuwa yakingojewa. Angeweza kumwachia Saadi, lakini Saadi naye alikuwa amefunga, na zaidi ya hapo, zamu ilikuwa yake na hakutaka kunyang'anywa. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, kama ya mto. Aliyamwaga.

"Umeonja?" Saadi aliuliza, kamba mkononi.

"Nimeonja. Baridi."

Saadi akavuta. Maji yakaingia kwa kishindo, yakatapakaa kwenye jaruba la Bi Sihaba, kisha la jirani yake, mpaka yakafika mwisho. Yalipofikia kimo, wakafunga lango ili yasitoke, kama walivyofundishwa. Bi Sihaba alipita akienda kuandaa futari, akawapigia makofi.

"Allah awabariki wanangu! Mpunga wangu ulikuwa unalia kiu."

Magharibi Zuena alifungua kwa tende na uji, kisha akakimbia peke yake hadi kwenye tuta. Alitaka tu kujihakikishia. Alichovya kidole katika jaruba la Bi Sihaba, akakilamba.

Chumvi.

Alilamba tena, akidhani ni jasho la kidole. Chumvi ile ile. Alishika kamba ya lango akavuta kwa nguvu zake zote, lango halikutikisika. Na hata lingefunguka, maji ya nje yalikuwa bado juu kuliko ya ndani. Angeongeza chumvi juu ya chumvi. Bahari haiharakishwi na mtu. Alisimama pale mikono ikining'inia, akilia, na mpunga wa kaya kumi na moja umesimama ndani ya maji yale.

Njia ilikuwa moja: kusema. Wakubwa wangejua, wangefungua lango mara maji ya nje yatakapopwa, na chumvi ingetoka usiku ule ule. Lakini Zuena alirudi nyumbani, akajifunika khanga gubigubi, akasema kichwa kinamuuma. Aliogopa. Ndiyo kweli yenyewe, hakuna namna ya kuipamba.

Alfajiri, baada ya daku, hakuweza tena. Alipiga hodi kwa Bi Johari.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mapema? Kuna msiba?"

"Bi Johari, jana sikuonja maji. Nilikuwa nimefunga, nikaogopa kuharibu saumu. Nikamwambia Saadi nimeonja. Ni ya chumvi, na nimeyajua tangu magharibi."

Bi Johari hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka taratibu, na Zuena aliona ingekuwa afadhali angepigwa kofi.

"Tangu magharibi," Bi Johari alisema. "Na saa hizi maji yamejaa tena. Hatufungui mpaka yapwe, saa nne huko."

Saa nne lango likafunguliwa na maji yakatoka. Lakini usiku mzima ulikuwa umepita, na udongo ulikuwa umeshakunywa chumvi. Kuusafisha kulihitaji maji baridi, na kijito kizima kilikuwa cha chumvi. Lazima mvua inyeshe huko juu mtoni. Watu walisimama juu ya tuta wanatazamana. Hakuna aliyekuwa na la kufanya.

Siku hiyo hiyo Bi Johari alimpeleka Zuena kwa maalimu wa madrasa. Maalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuonja kwa haja kisha ukatema, bila kumeza, hakuvunji saumu," alisema. "Wapishi huonja futari kila siku. Ungeniuliza ningekujibu kwa maneno mawili. Lakini kusema umefanya jambo hujalifanya, hilo linaiumiza saumu kuliko maji."

Kuanzia hapo Zuena alikwenda langoni kila alasiri, akaonja, akatema. Siku ya kwanza, chumvi. Ya pili, chumvi. Mbingu zilikuwa nyeupe. Ncha za mpunga zikawa za manjano, kisha za kahawia. Kila asubuhi Bi Sihaba alipita katikati ya jaruba lake akishikashika majani, bila mzaha wala salamu ndefu. Saadi alinuna siku tatu, maana watu walimuuliza yeye kwanza. Mama alimwambia Zuena ale vizuri futari, lakini aliacha nusu ya sahani. Aliomba mvua katika kila sujudu. Akiamka, jua.

Siku ya tisa ya kungoja, maji yalikuja na majani makavu na vijiti vya kutoka bara, ishara kwamba huko juu mtoni mvua imenyesha. Zuena alichota, akaonja, akatema. Akachota tena.

"Saadi, njoo uonje na wewe."

Saadi akaonja. "Baridi," alisema polepole.

"Kamwite Bi Johari naye aonje."

Walifungua lango maji yakaingia, yalipopwa wakayatoa, wakayaingiza tena, kwa siku nne mfululizo. Majaruba kumi yalianza kurudisha rangi ya kijani. La Bi Sihaba, lililopokea chumvi kwanza na kuinywa kuliko yote, lilikuwa limekufa lote.

Mwanaamina alikuwa na miche iliyobaki kitaluni. Zuena ndiye aliyeibeba, na ndiye aliyeinama toka asubuhi hadi adhuhuri kwa siku tatu, akiwa amefunga, akiipanda mche mmoja mmoja katika jaruba la Bi Sihaba. Saadi alikuja siku ya pili bila kuitwa. Siku ya tatu alikuja Bi Johari, na Bi Sihaba mwenyewe alikuwa pembeni yao, matope yamemfika magotini.

"Bi Sihaba, nisamehe," Zuena alisema. Alikuwa ameshayasema maneno hayo mara nyingi.

Bi Sihaba alinyoosha mgongo, akautazama mstari wa miche.

"Mpunga huu utachelewa mwezi mzima nyuma ya wenzake, na mimi nitangoja peke yangu wakati wenzangu wanavuna," alisema. "Sikufichi, imeniuma. Kutojua kama saumu inavunjika si kosa, hata mimi nina mengi siyajui. Mtu hujitolea ili ajifunze, na asiyejua huuliza. Kosa lako ni kusema umeonja, halafu ukalala na siri usiku kucha. Ungesema magharibi ile, jaruba langu lingepona. Ungenyamaza siku moja zaidi, tungelia wote kumi na mmoja. Kwa hiyo ukikosea, Zuena, kimbia kusema. Kila saa unayonyamaza inalipwa na mtu mwingine."

Zuena aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondoka kwenye matope.

"Haya, futa uso," Bi Sihaba akasema, akimkabidhi fungu jingine la miche. "Umebaki mstari mmoja, na maji yakijaa zamu ya lango ni yako."