Fidla Iliyopotea Saa ya Ijumaa

Kasha lilikuwa wazi juu ya meza, na ndani yake hamna fidla.

Yaqoob, mwenye shamba, alilipekua tena na tena, kana kwamba chombo kikubwa vile kingeweza kujificha chini ya kitambaa. Ilikuwa Februari 1998, nje kidogo ya mji wa Al Khoudh, katika nchi ya Kiarabu. Wageni walikuwa wameshatandika mikeka kungojea tamasha la blugrasi, ule muziki wa nyuzi wa mashamba ya Marekani aliorudi nao Yaqoob kutoka masomoni. Kila mwaka aliliandaa hapo: banjo, gitaa na fidla, bila umeme.

Fidla ilionekana upesi, tena pabaya. Ilikuwa ndani ya pikapu ya Douglas, fundi wa pampu kutoka Kisumu, imefunikwa gunia. Douglas ndiye aliyechaguliwa kuipiga mwaka huo. Wanaume wote walikuwa wamekwenda kuswali Ijumaa. Yeye, Mkristo, alibaki shambani.

"Viza yake naifuta leo," Yaqoob alisema. "Mie ndo kafili wake, niliyemdhamini. Kesho yuko kwao."

Binamu yake, Mulazimu Hind, ofisa wa polisi, alikuwa amekuja kustarehe tu. Starehe ikatumbukia nyongo.

"Nipe mpaka alasiri," alisema. "Ukishampakia mtu kwenye ndege, hata ukigundua umekosea, hana kazi tena."

Akaichukua fidla, Yaqoob akamfuata. Alimkuta Douglas nyuma ya nyumba, karibu na kisima, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni.

"Ulikuwa wapi watu wakiswali?"

"Hapa hapa, madam. Pampu ilikuwa imekwama. Nikaiwasha, ikanguruma muda huo wote. Hata mngepiga ngoma singesikia."

"Na pikapu?"

"Milango yake haifungiki. Kila mtu hapa anajua."

Hind aliitazama fidla. Haikuwa na doa la grisi. Akamwambia Douglas anawe, kisha akampa aipige. Douglas alipitisha upinde mara moja, akakunja uso.

"Hizi nyuzi mbili nyembamba zimeshushwa sauti. Sisi wa blugrasi hatupigi hivi."

"Joto la gari hilo," Yaqoob alisema. "Asubuhi niliikaza mwenyewe."

"Joto hili lina adabu sana," Hind alijibu. "Limeshusha mbili sawasawa, na mbili halikuzigusa."

Hakusema zaidi. Alikulia nyumba ya taarabu, na sikio lake lilishamwambia jambo asilolipenda hata kidogo. Alimwamuru Douglas akae palepale, akaichukua fidla mpaka kwenye mikeka.

Mzee Awadh alikuwa anakunywa kahawa. Huyu alikuwa mpigaji wa klabu ya taarabu, na fidla ya tamasha ilikuwa mikononi mwake tangu mwaka wa kwanza, mpaka Yaqoob alipompa Douglas.

"Ami, umeswali wapi leo?"

"Wattaya, huko mjini, kwa mwanangu. Nimefika sasa hivi. Nnasikia mwizi keshapatikana."

"Watu wamechoka kungoja. Tupigie wewe."

Awadh hakubembelezwa. Aliiweka fidla kidevuni akaanza papo hapo. Bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarabu, ikatoka tamu, kila sauti mahali pake, hata wanawake wakatoka jikoni kusikiliza. Hind alimwacha amalize. Roho ilimuuma.

"Ami, Douglas kashindwa kuipiga. Asubuhi Yaqoob aliikaza Kimarekani. Sasa imeshushwa kama tunavyopiga sie taarabu. Wewe umeichukua, hukujaribu hata uzi mmoja. Ulijuaje?"

Awadh aliitua fidla mapajani.

"Wattaya hukwenda," Hind alisema.

"Sikwenda. Miaka yote hii nnapiga mie. Mwaka huu nnambiwa kaa usikilize, anapiga fundi wa pampu. Nilitaka aondoke tu. Nikaitoa kashani, nikasema niipige kidogo kwanza, nani atasikia na pampu inanguruma? Mara gari zenu zinarudi, sikuwahi kuzikaza tena nyuzi, nikaificha kwenye pikapu yake."

"Na mtu angepoteza riziki yake."

"Sikumfikiria, mwanangu. Wallahi sikumfikiria."

Hind alimwambia asiondoke, atakwenda naye kituoni kuandikisha maelezo. Kisha akamwita Douglas.

Yaqoob aliona haya hata hakuweza kumtazama. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu yake ya dishdasha, akatoa pasipoti ya Douglas. Alikwisha kwenda kuitoa kabatini hata kabla mtu hajahojiwa.

"Nikairudishe hii kabatini," alisema. "Haya, shika fidla, watu wanangoja."

Douglas alinyoosha mkono, akachukua pasipoti.

"Hii itakaa na mimi, boss."

Yaqoob alifungua kinywa, akamwona Hind anavyomtazama.

"Ikae," alisema.

Douglas aliitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Ndipo akaipokea fidla, akaanza kukaza zile nyuzi mbili.