Tuta Lililotobolewa

Mwezi wa kumi mto husinzia bondeni Usangu, ukauvuka kwa miguu. Minza aliujua ukiamka. Kila masika shule iliyo ng'ambo ilikuwa mbali kama nyota, na binti yake Anjela alishinda nyumbani. Basi Minza aliota daraja. Aliliota usingizini, akaliota na jembe mkononi.

"Ota tu," alisema mumewe, Ndalahwa. "Tangu mpaka wa jimbo la uchaguzi upitishwe kwenye mfereji, kitongoji chetu ni nusu huku, nusu kule. Kura zetu zitafanya nini?"

Jirani yao Tusekile, mwalimu mstaafu, alisikia. Aliingia kwenye jaruba lao dogo la mpunga lenye maji, akatoboa tuta huku na huku. Maji yakamwagikia majaruba mawili makubwa yaliyokauka. Mara yakawa unyevu tu.

"Mwalimu, umenimalizia maji," alisema Ndalahwa.

"Nitayarudisha, baba Anjela. Mpaka nao hufanya hivyo. Watu ni walewale, nguvu imetawanywa. Ulipojadiliwa tuliitwa kutoa maoni. Ulikwenda?"

Ndalahwa alikuna kichwa.

"Na siku ya kura?"

"Tulikuwa tukilima kwa Seni," alijibu Minza. Rika lao hulima kwa zamu, shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. Asiyefika hutozwa kuku.

"Aliyeahidi kupigania daraja alishindwa kwa tofauti ya kura chache kuliko majembe yaliyokuwa kwa Seni," alisema Tusekile.

Maneno hayo yalimkaa Minza kifuani. Uchaguzi uliofuata, siku ya kura iliangukia zamu yake, na zamu ikipita ndiyo imepita. Akasimama mbele ya rika.

"Siku hiyo msije kwangu. Nendeni mkapige kura."

"Tumchague nani, mama Anjela?" aliuliza Seni, kiongozi wao.

"Unayemwona anafaa. Hata mkeo usimwambie."

"Huyo hata nisipomwambia anajua."

Wakacheka. Siku ya kura walitoka pande zote za mfereji, mikono mitupu, wakiimba nyimbo za kulima. Upande wa Minza, mgombea wa daraja alipita kwa kura chache. Upande wa pili wa mfereji, mgombea wao wa daraja alishindwa, lakini mshindi alikuja kuwasikiliza. Kitongoji kisichopiga kura hakisalimiwi. Maoni yao juu ya mpaka nayo wakayapeleka kwa tume ya uchaguzi.

Kesho yake Minza aliamka akakuta rika limejaa shambani kwake.

"Zamu yangu imepita," alisema.

"Sisi tumepotea njia," alijibu Seni, akilima.

Daraja lilichukua misimu miwili. Mto ulipoamka, Anjela aliuvuka viatu vikavu. Minza alisimama ukingoni kama anayeogopa kuamshwa.