Nyumba Isiyo na Ngazi

Foleni ya tiketi za sinema ilipinda mpaka nje, na macho yote yalikuwa kwenye bango moja: shujaa wa kike, ngumi juu, joho jekundu linapepea. Mbele ya bango alisimama fundi cherehani, ndani ya gauni la haradali alilojishonea mwenyewe, lenye mifuko mikubwa. Alikuwa akitikisa kichwa.

"Huyu hapigani na mtu," alijisemea. "Kwapa limebana hivyo, akiinua mkono tu nguo yote imechanika."

Kijana aliyekuwa nyuma yake alicheka mpaka akaomba radhi. Alikuwa fundi simu, shati limenyooshwa vizuri. Akamwambia kuna kundi mtandaoni wanakobishania filamu hizi, ila hawajapata mtaalamu wa makwapa. Kabla taa hazijazimwa alishamwingiza. Humo kijana aliitwa Chaji. Binti akajiita Sindano.

Penzi lao lilikua kwa ubishi. Sindano aliuliza mbona shujaa wa kiume akishaokoa dunia hupumzika, wa kike huonyeshwa jikoni. Ubishi ukatoka kwenye filamu, ukaingia majumbani mwa watu: nani aoshe vyombo, na kwa nini msichana akitukanwa njiani anaulizwa alivaa nini. Wakishapapurana mbele ya watu, simu ya Sindano inalia, ni Chaji.

"Laazizi, leo umenichoma."

"Pole, mpenzi. Ulijileta mwenyewe."

Siku moja, Chaji akiwa amemshikia kitambaa akate, Sindano alimpa kitu ambacho hakuwahi kumpa mtu. Marehemu baba yake alikuwa na mkono mwepesi wa kumpiga mama. Majirani walipouliza kuhusu uvimbe, mama alijibu kwamba ameanguka ngazini. Na nyumba yao haina ngazi. Baba alipokufa, mama alilizika jambo lile pamoja naye. Chaji hakusema neno, alimshika mkono tu, na kwa kunyamaza kule Sindano alimpenda kupita siku zote.

Kisha akaja mtu kundini, akaandika kwamba wanawake hawana ushujaa, hata kwenye filamu wanawekwa kama pambo. Sindano alikuwa na gauni la bibi harusi mapajani, simu iko mbali. Damu ya Chaji ikachemka. Akaandika: "Namjua mama mmoja, kila alipopigwa alisema ameanguka ngazini, na nyumba yake haina ngazi. Alilea mwanawe, hakuvunjika. Huyo ndiye shujaa, na hana joho."

Wakamsifu, wakasambaziana. Yule mbishi akanyamaza. Chaji akakaa akitabasamu, akimsubiri mpenzi wake aje aone jinsi alivyompigania mama mkwe.

Lakini maneno yana miguu. Yalifika kwenye simu ya jirani, mmoja wa wale waliokuwa wakiuliza kuhusu uvimbe, naye akayasoma kwa sauti uani. Mama alikuwa akianika nguo. Alianika mpaka ya mwisho, akaingia ndani, na tangu hapo hakwenda tena kwenye sala ya akina mama, ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiiongoza.

Habari zilipomfikia Chaji, alifuta, akampigia Sindano simu hadi ikapokelewa.

"Nilikuwa namsifu."

"Najua."

"Sikutaja jina."

"Ulitaja nyumba."

Alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Mama alimpa kiti, akamwacha amalize, kisha akamwambia amemsamehe, maana naye kila siku anaomba kusamehewa. Jikoni alimnong'oneza binti yake kwamba kijana huyu si mbaya, asimhukumu kwa ajili ya mama yake.

Sindano alimsindikiza hadi langoni. Kwa mazoea akamnyooshea kola.

"Mama amekusamehe. Na mimi pia."

"Basi turudi tulivyokuwa."

"Sasa hivi nikiwa na wewe napima neno kabla sijalitoa, kama kitambaa cha mteja. Nitaishi hivyo na mume?"

Chaji, bingwa wa ubishi, safari hii alifungua lango mwenyewe. Akaondoka na kola yake imenyooka, machozi yanamshuka.

Siku zikapita. Mama akajikaza, akarudi kwenye sala. Aliporejea aliketi kando ya cherehani, hakuvua hata mtandio. Akasimulia kwamba baada ya amina, mama mmoja ambaye kila mtu anamjua kwa vicheko vyake alimvuta pembeni, akamwambia sikioni: "Hata kwangu hakuna ngazi." Wakakumbatiana, wakalia wote wawili, na mzigo ukapungua.

Sindano akachukua simu. Alijua habari hii ingemponya Chaji, mtu anayejilaumu hadi leo. Wala hapakuwa na mtu mwingine ambaye yeye angetaka kumwambia kwanza. Kidole kikasimama juu ya jina lake.

Lakini siri ile haikuwa yake. Ilikuwa ya yule mama mwenye vicheko.

Akailaza simu kifudifudi juu ya kitambaa, akakanyaga cherehani, na macho yalipomjaa akaendelea kushona kwa kupapasa.